Dozi ya Mwanga

Taa ya tangi la samaki ilikata roho Jumamosi asubuhi, na kabla chai haijapoa daktari wa meno wa ghorofa ya chini alikuwa ameshapanda ngazi, futi ya chuma mkononi.

"Pole kwa msiba," alisema, akivua viatu mlangoni. "Mzee wako ameniambia taa imekufa. Na kwamba wewe mwezi ujao unasafiri."

"Huyo mzee mdomo wake hauna kifuniko," mama wa nyumba alijibu. "Karibu. Lakini usipime."

Alikuwa ameshapima. Alilitaka lile tangi kwa ajili ya chumba chake cha kusubiria. Mtoto akitazama samaki, alisema, husahau koleo. Lilikuwa wazo zuri na mama hakumlaumu. Alikuwa anakwenda kozi ya miezi mitatu katika mji mwingine, kozi aliyoililia kwa wakubwa wake mpaka wakachoka kumsikia, na tangi haliwezi kufungwa kwenye begi.

Alikuwa nalo tangu mimba ya kwanza. Mchana kutwa alisimama kwenye dirisha la dawa la hospitali akiwaambia watu baada ya kula, sio kabla, nimesema baada. Jioni alivuta stuli mbele ya kile kioo, akanywa chai yake akitazama samaki wadogo wenye mstari mwekundu wakipita katikati ya majani, na mtu aliyemsemesha kabla kikombe hakijaisha alijuta. Hakuwa mwanamke wa kulialia. Lakini hakuwa tayari kurudi kutoka kozini akute samaki wake wanaelea matumbo juu ndani ya supu ya kijani.

"Tuelewane," alimwambia daktari. "Nikipata taa itakayoliwezesha tangi hili kukaa bila mimi, halitoki. Nisipoipata, ni lako. Bora lihame likiwa hai."

"Maneno ya mtu mzima," daktari alisema, akakunja futi yake taratibu, kama mtu aliyeshapata.

Mume wake alikuwa mpiga picha, mwenye studio barabara ya pili. Katika maisha yake aliijua shida moja tu hapa duniani, nayo ni upungufu wa mwanga. Siku hiyo hiyo alitoa kipima mwanga chake, kidude kinachoenea kiganjani, akakiegemeza kwenye kioo cha tangi, akatikisa kichwa.

"Giza. Giza la kaburini. Hata ile taa ya zamani ingekuwa hai, hapa siwezi kumpiga picha hata bwana harusi."

"Bwana harusi hakai humo," mama alisema. "Na samaki hawajaomba picha."

"Mwanga haujawahi kuua mtu, mama watoto."

Kutoka jikoni alitokea wifi, dada wa yule mume, aliyekuwa ameshahamia na masanduku yake ili aangalie watoto mama akiwa hayupo. "Wifi, na mimi niseme langu mapema," alisema, akifuta mikono. "Nimekuja kulea watoto wa kaka yangu. Majani sijui kuyalea. Mboga zenyewe nanunua zimeshachambuliwa."

Mama aliwatazama wote wawili. Alikuwa mtu wa kujaribu kwanza, kuamini baadaye.

"Basi kuanzia kesho mimi nimeshasafiri," alisema. "Kula nitakula hapa, kulala nitalala hapa, lakini kwa habari ya tangi, sipo. Msiniulize, msinionyeshe. Baba watoto, taa ni juu yako. Tuone."

"Niachie mimi," mume alisema, na kifua kikamjaa.

Kesho yake akaleta kutoka studio taa bapa ya LED, pana kama sinia, akaisimamisha kwa miguu yake mitatu juu ya tangi. Sebule ikawa ukumbi wa sherehe. Watoto walikula wamekinga macho kwa viganja. Samaki wakajibanza chini ya gogo. Mama alipita na beseni la nguo, akaona, akaumeza ulimi wake. Asiyekuwepo hasemi.

Taa iliwashwa na aliyetangulia kuamka na kuzimwa na aliyechelewa kulala. Mwanzoni mume alionekana ana haki. Majani yalimeta, vipovu vidogo vikapanda kutoka kwenye ncha zake kama lulu. "Yanapumua!" alisema, akapiga picha, akazituma kwa ukoo mzima. Kisha pembe moja ya kioo ikapata rangi ya kijani. Akaifuta kwa kitambaa. Ikarudi, na safari hii ikaja na ndugu zake. Nyuzi za kijani zikaota kwenye kingo za majani, zikarefuka.

"Kaka," wifi alisema, "majani yako yamefuga ndevu. Kama beberu."

"Yamedhoofika tu. Hayapati mwanga wa kutosha kule chini."

Hapo ndipo kazi yake ilipomponza. Picha ikitoka haisomeki, yeye huongeza taa; hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyolisha watoto wake. Akaleta taa ya pili, akaisimamisha upande wa pili. Rafiki yake mmoja akampa chupa ya mbolea ya maji, akamimina kwa moyo mkunjufu. Wiki haikuisha, maji yakawa kama rangi ya kupaka geti.

Daktari wa meno akapanda kuulizia. Alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, kama anayetazama jino ambalo halina tena dawa isipokuwa kung'olewa.

"Hili sasa litafaa kuwatishia watoto," alisema. "Mama, kusema kweli, hata mimi nimeanza kusita."

Ikamchoma. Kulitoa likiwa hai ni jambo moja. Kulikosesha hata mtu wa kulichukua ni jambo jingine. Daktari aliposhuka, mama alikwenda ukutani, akachomoa plagi zote mbili. Sebule ikapoa.

"Nimerudi kutoka safari," alisema. "Baba watoto, njoo ukae."

Mume akaja akakaa. Hakuwa mtu mbaya, na aibu alikuwa nayo.

"Nimelipatia kila kitu," alisema. "Mwanga, mbolea, kila kitu."

"Umelipatia mwanga wa mmea mkubwa wakati mle ndani kuna kangaga, na lile jani pana lililofungwa kwenye gogo. Hiyo ni mimea ya kivulini, inakula kama mgonjwa, kijiko kijiko. Umeipikia sufuria nzima. Kilichobaki amekila nani? Mwani. Yule hahitaji kualikwa, akisikia kuna mabaki anakuja na ukoo wake. Dirishani kwangu yuko mtu anayepewa vidonge viwili, saa moja ikipita hajapona, anameza kumi. Unajua huyo tunampeleka wapi?"

"Sasa si tungenunua mimea mikubwa, inayofaa taa yangu?"

"Ndiyo. Na mtungi wa gesi ya kaboni ya kuilisha, na mbolea kila siku, na mkasi kila wiki maana itakua mpaka itoke nje. Nani atakata? Wifi?"

"Wifi hakati!" sauti ikatoka jikoni.

Jumamosi iliyofuata wakaenda wote wawili kwenye duka la samaki wa mapambo. Mume alibeba kipima mwanga mfukoni, kama mtu anayekwenda kuamua kesi. Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye mikono isiyokauka maji, aliwashushia taa ya kwanza kutoka kwenye rafu ya juu kabisa.

"Hii, mama, ndiyo baba lao. Ina rangi zote. Ina rimoti. Ukibonyeza hapa ni machweo, hapa mbalamwezi. Na hapa," akabonyeza, taa ikapasua kimweko, "ina radi!"

Macho ya mume yakayeyuka.

"Radi ya nini ndani ya nyumba yangu?" mama aliuliza. "Sikiliza, bwana. Nina kangaga na majani mapana ya kwenye gogo. Siweki gesi. Nasafiri miezi mitatu na nyumbani hakuna mwenye mkasi."

"Hiyo ni mimea ya kivuli, mama."

"Sasa mbona unaniuzia jua?"

Muuzaji alicheka mpaka kitambi kikatingishika, akairudisha radi yake juu, akainama chini ya kaunta. Alichotoa kilikuwa ufito mwembamba wa LED, hauna sifa. Mama akaugeuza. Urefu wake ulilingana na tangi, kwa hiyo mwanga ungesambaa sawasawa, sio katikati jua na pembeni giza. Mwanga wake ulikuwa mweupe kama wa mchana, sio ule wa buluu unaopendeza kwa macho na kuufaa mwani. Ulikuwa na kitufe cha kupunguza nguvu, na kifuniko kisichopitisha maji. Aliuvuta waya, akaupima kwa mikono.

"Ni mrefu, vizuri. Utaning'inia chini ya soketi kwanza ndipo upande juu. Tone likifuata waya lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye umeme."

Mume alikuwa ameshatoa kipima mwanga. Alikisogeza chini ya ufito, akasoma, akasonya. "Hii haifiki hata robo ya yangu. Mama watoto, unawalaza watoto wa watu gizani."

"Nijibu swali. Taa zote za studio zikiwa zimeharibika, na mteja amekaa mbele yako, unafanyaje?"

"Naiacha kamera wazi kwa muda mrefu zaidi. Inakusanya mwanga taratibu."

"Na ukimpiga picha nje, jua la saa sita?"

"Nafunga upesi. Nikichelewa picha inaungua, inakuwa nyeupe pee." Alisema hivyo kwa wepesi wa mtu anayejibu kitu cha darasa la kwanza. Kisha akakitazama kipima mwanga mkononi, akautazama ufito. "Yaani mimi… jua la saa sita, na nimeliacha wazi kutoka asubuhi mpaka watu wanalala."

"Na taa mbili."

"Nimeunguza picha."

"Umeiunguza vibaya, baba watoto."

Mume akajikuna kidevu. Haikumchukua muda kupona. Wanaume wa aina yake wakielewa jambo hulichukua kama wamelizaa wao. "Kwa hiyo taa peke yake haitoshi," alimwambia muuzaji, akigonga kaunta. "Watu wa nyumba yangu kila mmoja ana kidole. Nataka taima. Ile ya kuchomekwa ukutani, ijiwashe yenyewe, ijizime yenyewe. Mkono wa mtu usifike."

Mama akafungua pochi. Mtu akishika njia iliyonyooka humwonyeshi tena barabara.

Walisafisha kwa pamoja, mikono ya nguo imekunjwa. Wakasugua kioo, wakakata majani yaliyofuga ndevu, wakabadilisha maji nusu, wakalifunika tangi kwa blanketi siku chache ili mwani ulale na njaa. Ndipo ufito ukawekwa, nguvu nusu, saa saba kwa siku, kuanzia mchana mpaka jioni, ili watu wakirudi nyumbani waukute unawaka. Na mama akasafiri tena, kwenda jikoni.

Safari hii hakuna kilichotokea, na hicho ndicho alichokuwa akikitaka. Kioo kikabaki kioo. Samaki wakatoka chini ya gogo. Mume akafuta vumbi mara moja, akaongeza maji yaliyopungua, basi. Kangaga likatoa jani moja jipya, limejikunja kama kidole cha mtoto mchanga.

"Wiki nzima jani moja?" wifi alishangaa. "Huu mmea umeajiriwa serikalini."

"Na ndiyo maana hauhitaji msimamizi," mama alisema.

Akashuka mwenyewe ghorofa ya chini kumwambia daktari wa meno uso kwa uso kwamba halitoki, asamehe. Daktari alipanda kuona, akachuchumaa mbele ya tangi kwa muda, akasema basi itabidi anunue lake, je, atafute taa kali kiasi gani? Mume hakumpa mama nafasi ya kufungua kinywa.

"Kwanza niambie unapanda nini," alisema, akavuta kiti. "Taa sio kali wala dhaifu, daktari. Taa ni muda."

Siku ya safari mama aliamka kabla ya wote. Alikuwa amevaa, mkoba begani, sanduku limeshashushwa. Akasimama sebuleni. Ndani ya tangi kulikuwa na giza lenye ukungu wa alfajiri, na samaki wake walikuwa vivuli tu, ile mistari myekundu haionekani. Miezi mitatu. Akainama ukutani, kidole kikaenda kwenye kitufe cha taima.

"Bado muda wake," mume alisema nyuma yake.

"Dakika moja tu. Niwaone."

"Waage hivyo hivyo. Wapo."

Mama aligeuka. Mume alikuwa amevaa shati ndani nje, nywele zimesimama, lakini alikuja akasimama kati yake na soketi kama askari wa benki, na hakucheka. Mama alimtazama juu mpaka chini. Kisha akarudisha kidole, akaweka mkoba sawa begani.

"Usisahau kuongeza maji," alisema.

"Gari litakuacha, mama watoto."

Akashuka ngazi bila kugeuka.