Namba Iliyomgomea Mkuu wa Shule

Kosa la Angetile lilikuwa kusoma. Mkuu wa shule, Mwalimu Zebedayo, alinunua koti la mitumba Kasumulu, akalitundika kitini bila kuchunguza lebo. Angetile, msoma habari wa paredi, akaichunguza kwa niaba yake, kisha akaitangazia shule nzima, kati ya bei ya mchele na hali ya hewa ziwani, kwamba koti hilo limeshonwa kwa ajili ya wajawazito.

Akasimamishwa masomo wiki tatu. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ungeanza Jumatatu. Asiyeufanya angerudia darasa. Tena nyumbani Ikombe alikuwapo mama yake, mfinyanzi, ambaye mikono yake ilizoea kukanda kitu mpaka kilainike.

Basi Ijumaa asubuhi alikalia sanduku lake la bati getini, akingoja gari la Matema, huku wenzake wakipangwa kumpokea mgeni rasmi. Mwalimu Zebedayo alitaka mistari iliyolingana, asizidi hata mtu mmoja. Shule isiyo na mistari sawa, alipenda kusema, ni gulio.

Walikuwa mia nane thelathini na tisa. Wakapangwa wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, wakabaki wawili.

"Wanne wanne," akaamuru.

"Wawili wamegoma, mkuu. Wanne hawatakubali," akasema Madamu Felista wa hisabati.

Wakajaribu watano, saba, kumi na mmoja, kumi na watatu, kumi na saba, kumi na tisa. Kwa ishirini na watatu walibaki kumi na mmoja, timu kamili ya mpira.

"Ishirini na tisa!"

"Ishirini na tisa mara ishirini na tisa ni mia nane arobaini na moja. Tumeshapita. Kama ingegawanyika, mpango mmojawapo kati ya hiyo tisa tuliyojaribu ungetii. Hii ni namba tasa, mkuu. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, hata uichape viboko."

"Mmoja akajifiche jikoni."

"Hapo itakubali mistari miwili tu. Mkia utafika Kasumulu."

"Na tukiongeza mmoja?"

"Mia nane arobaini inakubali karibu kila kitu. Thelathini thelathini, mistari ishirini na minane."

Wote wawili wakatazama getini. Angetile alikwishasimama, anajikung'uta suruali kwa utulivu wa mtu anayekwenda kuvishwa nishani.

"Wewe. Ingia mstarini. Mpaka mgeni aondoke tu."

"Ndaga fijo, mwalimu," Angetile akashukuru kwa Kinyakyusa.

Akasimama mwisho wa mstari wa mwisho, na pembe ya nne ya mstatili ikakamilika. Mgeni alisifu mistari ile mara tatu, akaahidi kurudi Jumatatu aionyeshe kwa wakuu wenzake.

Gari lake lilipotoweka, Mwalimu Zebedayo alikwenda getini. Akalibeba sanduku la bati mwenyewe mpaka bwenini, akiwa ndani ya lile koti lililomkaa vizuri sana tumboni.