Chumvi ya Mzee Pyo

Jumanne ya pili ya Novemba, saa tatu asubuhi, Mzee Pyo Gwang-seok alikuwa uani kwake mjini Andong akipasua kabichi katikati, moja baada ya nyingine, redio ikiwa imewashwa. Redio ikatangaza sabuni ya kufulia isiyochubua mikono ya bibi. Mzee Pyo akaweka kisu chini, akalia. Kufika saa nne beseni lilikuwa limejaa machozi, na mkewe, Jeong-im, akamsogezea la pili kwa mguu kwa sababu mikono yake ilikuwa na pilipili.

Halikuwa jambo geni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hospitali ikimchoma sindano ya tumboni kila baada ya miezi mitatu, ya kuzima homoni za kiume zinazolisha saratani ya tezi dume. Saratani ilinywea. Kilichoamka ni machozi.

Kwetu husemwa mwanamume hulia mara tatu tu maishani: akizaliwa, akifiwa na wazazi, na nchi ikianguka. Mzee Pyo alishatumia mbili. Ya tatu aliilinda miaka thelathini na moja akifundisha udereva, kazi iliyompa haki ya kuwaliza wengine. Sasa ameimalizia kwenye sabuni.

"Mwalimu wa udereva kakatika breki," alijisema, akipenga kamasi.

Jeong-im alichovya kidole kwenye beseni, akaramba. Maji ya kulowekea kabichi za kimchi, achari yetu ya pilipili ya kuliwa baridi yote, hupimwa kwa yai bichi: likizama, ongeza chumvi, likielea na kutoa utosi wa ukubwa wa sarafu, yametosha. Akaleta yai. Likaelea, utosi nje. Akatumbukiza kabichi.

Saa sita alipita Mama Du-ri, mwenyekiti wa akina mama wa mtaa, kuazima ungo. Akaonja jani moja.

"Chumvi ya wapi hii?"

"Ya Baba Hyeon-u," Jeong-im akajibu, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Haina uchungu hata kidogo! Mwaka jana tumeharibu kabichi mia kwa chumvi ya dukani, kumbe mashine ipo hapa imekaa tu! Baba Hyeon-u, usiache. Naleta mabeseni."

Jioni ile akina mama kumi na wawili walijaa uani. Hawakuhitaji kumliza, walimwashia televisheni, na mashindano ya kuimba ya wazee yakatosha. Joto la ghafla lilipompanda, nalo pia la sindano, walimtandazia pilipili mgongoni, zikakauka kabla hajapata pumzi.

"Karibu chamani," Mama Du-ri alimwambia. "Mimi joto hilo lilinishika nikiwa na miaka hamsini na moja."

"Wewe ulikausha nini?"

"Nilikausha mume."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Pyo naye akacheka, na kicheko kikageuka, beseni likafurika. Sisi wanaume tulichungulia juu ya ukuta, tukasema baridi ya mwaka huu kali, tukarudi ndani. Hakuna aliyemuuliza analia nini, na aibu hiyo ni yetu.

Jeong-im ndiye hakuwa na raha. Mwezi wa tisa, wakiwa garini, mumewe alimwambia kwamba siku hizi akiamka husikitika kuwa ameamka. Jeong-im alishusha kioo, akakipandisha, akasema taa ni ya kijani. Tangu siku hiyo maneno yale hayakumtoka.

Alhamisi ilikuwa siku ya sindano. Kwenye korido ya hospitali walikaa wanaume tisa na wake zao, kila mwanamume na kidimbwi chake chini ya kiti. Msafishaji alipita na dekio akiwaomba wainue miguu. Wakainua, wakaendelea kutazama ukuta.

"Leo umwambie," Jeong-im alinong'ona. "Mara kumi umesema hujambo. Ukisema tena, nakufinya."

Daktari alikuwa akitazama skrini. "Namba yako ya saratani kwenye damu nzuri mno, mzee. Haijasogea. Kuna lolote?"

Jeong-im akamfinya kabla hajajibu, kwa tahadhari.

"Ninalia, daktari. Na asubuhi sitaki kuamka."

Daktari aliinua viatu, kwa kuwa maji yalishamfikia. "Umri huo, mzee. Namba kama hii wenzako wanaiombea usiku na mchana. Uwe unatembeatembea." Akaandika: hakuna malalamiko. Muuguzi akachoma sindano. Yote yalichukua dakika nne.

Walipofika nyumbani Jeong-im hakuvaa glavu za kazi. Aligeuza ndoo, akaketi mbele ya mumewe.

"Baba Hyeon-u, unalia nini hasa?"

Jibu alikuwa nalo siku zote: vitunguu. Lakini uani hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

"Naogopa," alisema. "Naona yule aliyekuoa alishakufa, mimi nimebaki kuvaa soksi zake."

Jeong-im alifikiri. "Yule alikuwa na kelele," alisema. "Mimi pia naogopa. Tangu siku ile ya garini, ukichelewa kuamka nasimama mlangoni nasikiliza kama unapumua."

Wakalia wote wawili, taratibu, mpaka jua likaondoka uani. Mzee Pyo alijisikia mwepesi, kitu alichokuwa amekisahau.

Mama Du-ri alikuja na yai lake. Likazama. Akajaribu la pili, nalo likazama. Akaonja.

"Maji matupu haya! Mmefanya nini nyinyi?"

"Tumezungumza," Mzee Pyo akasema.

"Mmezungumza!" Alizitazama kabichi sitini na nane zilizopasuliwa zikingoja. Mama Du-ri si mtu mbaya. Ana kaya kumi na tisa zinazotegemea kimchi hiyo baridi yote. "Basi nawaomba, ndugu zangu, msizungumze tena mpaka Jumapili."

Waliona ni ombi la haki, kwa majirani. Kesho yake yai likaelea, utosi nje. Kimchi ya mwaka ule ilisifiwa kila nyumba, na ndoo moja ilipelekwa kwa daktari, akasema imekolea barabara.

Jumapili jioni, kabichi ya mwisho ilipozama, Jeong-im aligeuza ndoo, akaketi, akafungua mdomo. Lakini akina mama wa mtaa wa pili walikuwa wameshafika mlangoni na mabeseni yao.