Magoti ya Tantine Marthe

Hakuna kazi ambayo Balthazar hakuijaribu. Tangu atoke Bukavu aje Joburg amelinda duka Kensington, ameongoza harusi, amecheza shetani kanisani kila Pasaka, hata sabuni ameisifia redioni kwa sauti tatu. Kilichomtoa ni vichekesho, anaviandika na kuvicheza mwenyewe. Na kilichompa jina hasa ni kile cha mama wa Hillbrow anayempigia magoti msimamizi wa jengo, kitenge kinalegea, kamasi zinamtoka, Kiswahili na Kifaransa vyote mchanganyiko. Watu walishika mbavu.

Mama huyo yupo. Ni tantine Marthe, mdogo wa mama yake, aliyempokea alipofika hana hata blanketi. Wiki hiyohiyo Balthazar aliyaona magoti yale kupitia mlango uliokuwa wazi, akadhani tantine anaombea jiko lake la maandazi lililokatazwa kwenye baraza. Hakuuliza. Alienda kuandika, basi. Toka hapo akawa anaomba Mungu tantine asije akaona.

Jumamosi hiyo, Newtown, amekwisha kupiga magoti jukwaani ndipo akamwona tantine safu ya mbele, kitenge cha sikukuu, binti yake Benita kando. Benita alitaka kumfurahisha mama, masikini. Mungu wangu! Balthazar angeweza kubadilisha maneno, mdomo wake haujawahi kumwangusha. Lakini ukumbi ulikuwa umeshaanza kucheka, na yeye, mtu mzima ovyo, akaendelea. Akalia, akavuta kamasi, akashika miguu ya msimamizi. Tantine alitazama tu, mikono juu ya mkoba.

Baada ya onyesho Balthazar alimfuata nje. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Tantine, unisamehe."

"Kulia umeniweza," akasema Marthe. "Ila maneno hukuyapata. Hukusikia niliyomwambia yule bwana?"

"Si lile jiko..."

"Jiko gani tena, mutoto wangu? Alisema hataki wageni, ulale nje usiku uleule. Nikamwambia wewe si mgeni, nimekuzaa mimi."

Akamnyoosha kola, kama alivyozoea, akamwambia kesho anapika sombe, kisamvu cha kwao, asichelewe. Kisha akamshika Benita mkono wakaondoka.

Balthazar aliinamisha uso, akaona vumbi la jukwaa kwenye magoti ya suruali yake. Hakulipangusa.