Mshika Tindo

Vita vilikuwa vimekata umeme wa Kalemie mwaka mzima, hata kuku wa Papa Ignace akawa anatagia juu ya mashine yake ya kutobolea zege. Kwa hiyo alikwenda kwa Mama Mwanamisi na tindo na nyundo, amtobolee ukuta apate kutia komeo la chuma, maana askari hawabishi hodi.

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anapiga, mwenzake anashika tindo, anaizungusha kidogo kila pigo, na baada ya mapigo kumi anainama kupuliza vumbi. Miaka mingi mshikaji wake alikuwa Seifu, mume wa Mwanamisi, aliyekwenda Zongwe, huko ziwani, kutafuta samaki asirudi. Mwanamisi alikataa kukaa eda. "Muntu bila kaburi hajakufa," alisema.

Ignace alianza peke yake, nyundo mkono huu, tindo mkono ule. Zege likamkaidi. Akapandwa na hasira, na kwa mazoea akaiachia tindo, akaishika nyundo kwa mikono miwili, akapiga.

Tindo haikuanguka. Ilizunguka kidogo, ikangoja.

Mikono ilijua kazi yake, ikaendelea. Baada ya pigo la kumi, vumbi likapulizwa nje ya tundu, taratibu, wala hakuna aliyeinama.

Aligeuka. Mwanamisi alikuwa mlangoni, ameona yote. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka amejitanda nguo nyeupe ya eda.

"Maliza, Papa Ignace," alisema. "Usimuchoshe."