Kilometa Elfu Moja na Mia Tano

Wiki nzima Restuta alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Jumamosi, siku ya harusi, binti yake Loisi aingie kanisani ameshikwa mkono na kaka yake. Baba yao alifariki mwaka juzi, na Ipyana, mtoto wa kwanza, alikuwa kazini Lusaka. Ruhusa yake ilianza Ijumaa. Kwa basi angefika harusi imekwisha. Ilibaki ndege: Lusaka hadi Dar, kisha Dar hadi Songwe, uwanja wa karibu na kwao.

Sebastian, shemeji yake Restuta na wakala wa mizigo mpakani Tunduma, alikuja nyumbani kwake Mlowo na ratiba kwenye simu, akasema safari haiwezekani. Ndege inatoka Lusaka saa nne asubuhi, inatua Dar saa saba na nusu mchana. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ongeza moja: anatua saa nane na nusu, na ya Songwe inaruka saa tisa. Hataiwahi. Akajitolea kumsindikiza bibi harusi yeye mwenyewe. Suti alishaipiga pasi.

Kwa miaka ishirini Sebastian alikuwa akipokea malori kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na kila saa aliyotajiwa na madereva aliiongezea moja bila kufikiri. Nani abishane naye? Mwanamke aliyeanza kisomo cha jioni akiwa na miaka hamsini na mbili? Hata hivyo Restuta alilitoa daftari lake, akafumba macho akaomba, kisha akashika penseli.

"Shemeji, Lusaka hadi Dar ni kilometa ngapi?"

"Kama elfu moja na mia tano. Kwani unataka kwenda kwa miguu?"

Loisi alicheka. Mama yake alikuwa ameshainamia daftari. Ipyana aliwahi kumwambia kwamba ndege ile huenda kama kilometa mia sita kwa saa. Akagawanya taratibu, kama walivyofundishwa: saa mbili na nusu. Saa nne ya Lusaka, Dar ni saa tano. Akajumlisha. Saa saba na nusu.

"Shemeji, umeongeza pasipotakiwa," alisema. "Saa ya kuondoka ni ya Zambia. Ya kutua ni ya Dar tayari. Kwa hesabu yako, ndege ingekaa angani saa tatu na nusu."

Sebastian alitazama daftari, akatazama simu, akahesabu upya kwa vidole. Alikiri kwamba malori yamemharibia kichwa. Kisha akampigia Ipyana mwenyewe.

"Mwanangu, kata tiketi. Mama yako amepiga hesabu."

Ijumaa jioni Ipyana alishuka Songwe. Kesho yake alimshika dada yake mkono, wakapita katikati ya kanisa polepole, kwaya ikiimba. Kwenye benchi la nyuma Sebastian alikuwa akimnong'oneza kila jirani kuhusu shemeji yake na lile daftari. Restuta alisikia yote. Alijua inampasa kuinamisha kichwa na kumshukuru Mungu. Alimshukuru kwa moyo wote, lakini kichwa kilikataa kabisa kuinama.