Waliogawana Nguo

Katekista Kyungu alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, na kila Kwaresima wanafunzi wake wa Kamina walijua kwamba linakuja tu, wapende wasipende. Lilihusu maneno ya manabii juu ya Masiya na jinsi yalivyotimia. Alianza na Betlehemu, akapita kwa punda, akafika kwenye siki, na mwisho akatua pale alipokuwa akitaka kufika tangu mwanzo: nguo.

Mtu wa zaburi alilia kwamba watu wanagawana nguo zake na vazi lake wanalipigia kura. Karne nyingi zikapita, na chini ya msalaba askari wakafanya hivyo hivyo. "Na bale basoda," Kyungu alikuwa akisema, kidole juu, "habakujua zaburi hata kidogo. Beko banatafuta nguo tu. Lakini neno ya Mungu ilitimia mu mikono yao, na habakuona." Hapo alinyamaza kidogo ili watu washangae. Mwaka mmoja alijaribu kueleza kupiga kura kwa kusema ni kama tombola, akasahau kwamba huku kwetu tombola ni nguo za mitumba. Mpaka leo yuko mama mmoja anayeamini kwamba kanzu ya Bwana iliuzwa sokoni, kwenye rundo, pamoja na suruali za Wazungu.

Mwaka huu somo lilimkwama kooni. Mwezi wa pili, jioni ya mvua, mdogo wake Kabwe alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa kwenye barabara ya Kaniama. Askari mmoja aitwaye Bokungu, mtu wa mbali huko Ekwateri, alikuwa anarudi kutoka matembezini na pikipiki yake mwenyewe, taa imekufa. Akamgonga. Alimbeba Kabwe mgongoni mpaka zahanati, na alipomtua, Kabwe alikuwa amekwisha kufa. Polisi walisema ni ajali, na Kyungu, ambaye si mjinga, alijua kwamba ni ajali. Kujua hakukumsaidia kitu. Bokungu alipokuja kwenye kilio na mbuzi wa rambirambi, Kyungu alimpa kisogo mbele ya watu wote, na mbuzi akarudi alikotoka. Alimchukia yule mtu. Alisali asimchukie, kisha akaamka asubuhi akamchukia tena.

Kabwe alikuwa kitinda mimba. Hakuwa ameoa, na aliishi na mama yao, Mama Kaumba. Yeye ndiye aliyemlimia, aliyemwezekea nyumba, aliyempasulia kuni. Kyungu alikuwa na watoto wake saba na parokia nzima. Alimpenda mama yake, ila kwa mbali kidogo, maana Mama Kaumba hakuwa mtu mwepesi. Alizaliwa Katoto, upande wa Bukama, akaletwa Kamina na ndoa, na tangu siku hiyo alikataa katakata kujifunza Kiswahili isipokuwa kile cha sokoni: bei gani, punguza, hapana. Kiluba kinamtosha mtu mwenye akili, alisema, na wasio na akili hata lugha kumi haziwasaidii.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, Ijumaa Kuu Kyungu alisimama kando ya altare. Mateso ya Bwana yalisomwa kwa Kiswahili, naye akawa anayageuza kwa Kiluba, kipande kwa kipande, kwa wamama wazee wa benchi la mbele. Alifika pale pa nguo. Ulimi ulikwenda wenyewe, maana moyo haukuwa pale. Ulikuwa kwenye barabara ya Kaniama, kwenye mvua.

Jioni alimsindikiza mama yake nyumbani. Mama Kaumba aliketi, akavua viatu, akakunja uso.

"Wale askari," alisema kwa Kiluba, "walimtunza mama yake?"

"Askari gani, mama?"

"Wale waliorithi nguo zake."

Kyungu akacheka, na alistuka kusikia kicheko chake, maana kilikuwa cha kwanza tangu mazishi. Akamweleza vizuri, kama anavyoeleza darasani. Wale hawakuwa warithi. Walikuwa wauaji. Walimnyang'anya nguo zake.

"Leo kanisani hukusema walimnyang'anya. Ulisema waligawana. Nilisikia kwa masikio yangu haya, na masikio yangu ni mazima kuliko magoti."

Kiluba kina neno la kunyang'anya, na kina neno la kugawana vitu vya marehemu, na maneno hayo mawili hayajawahi kulala nyumba moja. Katika ukoo wao, siku ya kutoa kilio, matanga yanapokwisha, nguo za marehemu hutandazwa juu ya mkeka, na wanaozigawana ni ndugu peke yao. Anayechukua shati anachukua pia mzigo mmoja wa mwenye shati. Anasimama pale alipokuwa anasimama yule. Na neno hilo, la mkeka na la ndugu, ndilo alilolitumia kwa askari wa Pilato. Benchi zima la mbele lilikuwa limekwenda nyumbani likijua kwamba waliomsulubisha Bwana walifanywa kuwa jamaa yake.

Akafungua mfuko wake wa kanisani, akatoa Biblia yake ya Kifaransa ili imtetee. Nayo ikasema *partager*, neno lile lile wanalotumia kwa shamba la baba na kwa mkate. Hata Wafaransa walikuwa wamemgeuka.

"Ni kosa langu, mama," alisema alipoifunga. "Nilichagua neno vibaya."

"Sijui kama ni vibaya." Mama Kaumba alikuwa anasugua kifundo cha mguu. "Alikuwa na nini kingine? Shamba hana, nyumba hana. Nguo tu. Na waliozipata ndio waliomuua. Kisha hapo hapo, kabla hajakata roho, anatafuta mtu wa kumwangalia mama yake. Wewe mwenyewe umeyasema yakifuatana."

"Mama yake alipewa Yohane."

"Yohane alipewa mama, wao wakapewa nguo. Mimi sikusoma. Ninauliza tu." Kisha akanyamaza. Kyungu angekuwa mtoto mwangalifu angeogopa, kwa maana Mama Kaumba hanyamazi bila sababu.

Usiku ule, na siku zilizofuata, jambo hilo halikumwacha. Darasani kwake zaburi ilikuwa kama ufunguo: unaingia, unazunguka, mlango unafunguka, watu wanasema amina. Sasa alijiuliza mlango unafunguka kwenda wapi. Ikiwa nabii aliona yote, aliona pia mikono ya wale watu ikishika kitambaa chenye joto bado la mwili waliouua. Hakuiita mikono ya wezi. Kyungu alilizungusha hilo kichwani, likamchosha, akaliweka kando. Pasaka ikafika, akaimba Aleluya na wenzake, na sauti ilitoka vizuri kuliko moyo.

Kilio kilitolewa Jumamosi iliyofuata. Jamaa walijaa uani, ugali wa bukari na mboga ya sombe vikapikwa, na Kitenge, mjomba wao, akatandaza mkeka na kutoa nguo za Kabwe moja moja. Hazikuwa nyingi. Maiti hana usemi juu ya nguo zake, na wachache walikuwa wameshaanza kuiangalia suruali ya jinzi kwa jicho la mapenzi. Juu ya rundo lilibaki koti la buluu, la tombola, ambalo Kabwe alivaa kila Jumapili hata jua likiwa kali. Hilo wote walilijua uzito wake. Atakayelichukua, kuni za Mama Kaumba ni zake, na paa lake, na shamba lake. Kila mtu alimtazama Kyungu. Kyungu naye alikuwa amekwisha kujiandaa. Hakujua atapata wapi nguvu, lakini alikuwa tayari.

Ndipo Bokungu akaingia uani, pamoja na mke wake Bijou.

Bijou anauza samaki wakavu sokoni, na Mama Kaumba ni mteja wake. Kumbe katikati ya juma wale wawili walikuwa wameongea, kama wanavyoweza kuongea watu wasio na lugha moja: kidole, kichwa, na maneno machache. "Bwana yako. Samedi. Kukula." Kwa hiyo Jumamosi hiyo Bokungu alikuwa amekuja kula. Alivaa kiraia, kofia mkononi, na alisimama karibu na ua kama mtu anayepima njia ya kurudia. Alikuwa mkubwa wa mwili, na amekonda tangu siku ya mbuzi.

Mama Kaumba akanyoosha mkono kwenye mkeka, akachukua koti la buluu, akaliweka magotini pake. Akamtazama Bokungu, akasema kwa Kiluba, bila haraka:

"Wewe ndiye uliyembeba mwanangu. Alikufa juu ya mgongo wako, si juu ya wangu. Chukua koti lake. Kuanzia leo wewe ni mtoto wangu." Akamgeukia Kyungu. "Mwambie. Hanisikii."

Uani kulikuwa na watu wanaosikia lugha zote mbili, na wote walingoja. Kyungu akamgeukia Bokungu.

"Mama anasema aksanti juu ulikuya," alimwambia Bokungu kwa Kiswahili. "Anasema roho yake iko muzuri. Sasa unaweza kwenda."

Hakuna aliyemsahihisha. Mjomba Kitenge alikohoa, akaanza kukunja shati ambalo lilikuwa limekunjwa tayari. Hakuna hata mmoja wao aliyemtaka yule askari kwenye mkeka wao, na kila mmoja alifurahi kwamba uongo ule umesemwa na mtu wa kanisa.

Bokungu aliinamisha kichwa. "Aksanti, Papa Katekista. Umwambie mama, minyi usiku silalaki." Akamshika Bijou mkono, wakageuka.

Na hicho ndicho Kyungu alichokuwa akikitaka tangu mwezi wa pili, kuuona mgongo wa yule mtu ukitoka. Aliuona. Ulikuwa mpana, na ghafla akamwona Kabwe juu yake, miguu inaning'inia, mvua inanyesha. Miaka yote aliwafundisha watu kwamba neno la Mungu hutimia hata katika mikono ya wasiojua. Hakuwahi kufundisha juu ya mtu anayelijua akalizuia mdomoni mwake. Aliona aibu, na aibu haikuondoa chuki. Vyote viwili vilikaa pamoja kifuani.

"Mbona anaondoka?" Mama Kaumba aliuliza. Mama alimtazama Kyungu machoni muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama zamani sukari ikipungua. Kisha akainuka kwa taabu, koti mkononi, akampita mwanawe, akaenda mpaka kwa Bokungu na kumshika mkono. Akamwambia maneno mengi ya Kiluba ambayo yule hakuyasikia hata moja. Mwisho akageuka, akamwonyesha Kyungu kwa kidole, na kusema sentensi fupi.

Bokungu akasimama. Katika ile sentensi lilikuwamo neno moja analolijua tangu utotoni, la kumwita ndugu mkubwa, maana neno hilo ni lile lile kwa Waluba, na kwa watu wa Katanga, na kwa watu wa kwao Ekwateri.

"Papa Katekista," alisema taratibu. "Mama anasema *yaya*. Anakuonyesha weye. Iko yaya ya nani?"

Swali hilo halikuhitaji kitabu. Kyungu alitazama koti. Alitamani Mama angemwachia alibebe yeye peke yake, kwa uzito wote, maana hilo angeliweza.

"Yaya yako," akasema.

Akasogea karibu, na kwa kuwa ameanza, akasema yote, tangu neno la kwanza, kama anavyofanya kanisani, kwa mdomo wa mwenye kusema. "Minyi nilikudanganya. Mama anasema hivi: weye njo ulibeba mutoto wangu. Alikufia ku mugongo yako. Kamata koti yake. Tangu leo weye njo mutoto wangu." Akajionyesha kifuani kwa kidole. "Na huyu mwenye anakuambia, anasema, huyu Kyungu, eko yaya yako."

"Minyi siwezi kuvaa nguo ya muntu nilimuua," Bokungu alisema, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

Kyungu hakumgeuzia mama maneno hayo. Alilichukua koti, akalishika wazi kwa nyuma, akangoja, mpaka yule mtu mkubwa akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Mikono ya koti iliishia mbali na vifundo vya mikono yake. Mjomba Kitenge akaacha kukunja shati. Mama Kaumba aliinusa kola, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akajifuta uso na kitambaa.

"Mwambie mahindi ya Kabwe yamekauka shambani," alisema, "na wezi hawangoji Pentekoste."

Kyungu akageuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, na wezi wakiwamo. Halafu akaongeza.

"Ya mama iliisha. Hii njo yangu minyi: kesho kutwa, lundi asubui, nitakupitia, tutaenda pamoja."