Matanga ya Ain Zahra

Mama yangu, Damari, alikuwa hajalia tangu mwaka 1974, siku lori la serikali lilipomhamishia kijiji kipya cha ujamaa na nyumba yake ikabaki nyuma bila paa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilimwambia, "Mama, shukuru Mungu, hakuna aliyekufa." Akaacha kabisa kutaja Ikwavila, kule tulikotoka. Nikamchukua nikaishi naye kwangu Iyunga, Mbeya, nikamlisha mpaka maziwa, lakini wapi! Alikuwa anakwisha huku namwona.

Miaka miwili baadaye kanisa letu la Kilutheri lilitualika Iringa kumsikiliza mgeni wa Kipalestina, muuguzi aitwaye Salwa, aliyeishi kambi ya wakimbizi huko Yordani. Nikamchukua Mama, nikitumaini safari itamchangamsha.

Mchungaji Sedekia alikuwa amejiandaa haswa: mabenchi, ramani ukutani, fimbo ya kuonyeshea. Kosa lake lilikuwa tangazo. Jumapili aliwaambia akina mama kwamba mgeni amepoteza nyumba, shamba na kijiji kizima, nao wakaelewa wanavyoelewa wao. Tulikuta mabenchi yamesukumwa pembeni, mikeka imetandikwa, akina mama wameketi chini, khanga viunoni, na mlangoni pana kuni na vikapu vya unga.

"Jamani, hii ni semina! Siyo msiba!" Mchungaji alikuwa karibu kulia yeye.

"Kijiji kizima kimekwenda, Mchungaji," alijibu Kalista, mwenyekiti wao, "halafu sisi tukae kwenye mabenchi?"

Salwa akaingia na makaratasi yake. Alipoona kuni na mikeka, akauliza kwa Kiingereza nani amefariki. Mchungaji akamweleza, jasho likimtoka. Dada wa watu akavua viatu, akaketi mkekani, makaratasi akayaweka kando.

Alisimulia, Mchungaji akitafsiri. Bomba moja la maji kwa vibanda vingi. Foleni ya mgao wa unga. Watoto waliozaliwa kambini, ukiwauliza kwao wapi wanataja kijiji ambacho hawajawahi kukiona. Yeye mwenyewe aliondoka kwao amebebwa mgongoni, sasa ni miaka ishirini na minane.

Ndipo Mama akafungua kinywa. Msibani kwetu, pole haitolewi bila kumtaja marehemu.

"Mwanangu, kilikuwa kinaitwaje hicho kijiji?"

"Ain Zahra."

"Pole kwa Ain Zahra," alisema Mama, na akina mama wote wakaitikia, "Pole kwa Ain Zahra."

Salwa akajifunika uso kwa mikono. Alisema amehutubia makanisa mengi, ameulizwa takwimu, ameulizwa siasa, lakini pole ya namna hii hajapewa. Mimi moyo ulinichoma. Maneno mepesi kama hayo, nami nilimnyima mama yangu mzazi miaka yote miwili.

Nikajisogeza mkekani mpaka nikamfikia, nikamshika mkono.

"Mama," nilisema, "pole kwa Ikwavila."

Alinitazama. Akina mama wakaitikia kwa sauti ya chini, "Pole kwa Ikwavila." Mama akaangua kilio, kichwa mapajani mwa Salwa, na Salwa akawa anampapasa mgongo, akimbembeleza kwa Kiarabu. Nikasema "Asante Mungu" kwa nguvu mpaka Mchungaji akageuka kunitazama.